Mwandishi wa riwaya na mpiga roki wakitunga mchezo wa jukwaani: nani amfuate mwenzake? Na sisi Zanzibar tunaweza?

#1 MtotoWaMalindi
Assalaam alaykum wanaukumbi.

Kuna jambo linanikaa kichwani, nataka tulichambue. Stephen King, yule mwandishi wa Marekani wa riwaya za kutisha, na John Mellencamp, mpiga roki wa Indiana, walikaa zaidi ya miaka kumi wakitunga mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, Ghost Brothers of Darkland County. Chanzo chake ni nyumba ya kando ya ziwa aliyoinunua Mellencamp huko kwao Indiana. Akahadithiwa kwamba zamani ndugu wawili na msichana mmoja walikuwa humo wakifanya mzaha na bunduki. Mmoja akapigwa risasi, wenzake wawili wakatoka mbio na gari kutafuta msaada, gari ikavaa mti, na wao wakafa. Mellencamp akampelekea King kisa hicho. King akakihamishia Mississippi, mauti ya ndugu akayaweka 1967, na mbele yake akaweka baba aliyeyashuhudia mauti hayo akiwa mtoto. Sasa ni mtu mzima, anawaona wanawe wawili wakigombana vile vile, na sababu ni mwanamke vile vile. Waliokufa wako jukwaani pamoja na walio hai.

Mchezo ulitangazwa kwa mwaka 2009 Atlanta, ukaahirishwa. Ukapanda jukwaani Aprili 2012 pale Alliance Theatre. 2013 ikatoka albamu iliyosimamiwa na T Bone Burnett, na mchezo ukazungushwa miji ya Marekani 2013 na tena 2014. Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, haukufika.

Dai langu ni hili: mtu wa riwaya na mtu wa muziki hawawezi kushika usukani mmoja. Lazima mmoja awe nahodha na mwengine awe baharia. Hawa walikuwa manahodha wawili. Nani ananipinga?

#2 Kidumbaki_Asili
Wa alaykum salaam. Mie nakupinga, tena kwa mfano wa hapa hapa.

Taarab yetu tangu hapo ina wenye kazi watatu. Kuna anayeandika shairi, kuna anayelitia muziki, kuna anayeliimba. Mara nyingi ni watu watatu mbali mbali. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na nyimbo zao zinapigwa mpaka leo harusini. Kama wenye kazi wengi ni tatizo, taarab ingekufa kabla babu yangu hajazaliwa.

#3 BintiKikwajuni
@Kidumbaki_Asili umesema kweli lakini umeruka jambo kubwa. Kwenye taarab shairi linatangulia. Mtia muziki analipokea likiwa na vina vyake na mizani yake, anajua kila mshororo una mizani ngapi, basi anatafuta sauti ya kulichukua. Maneno ni ya mshairi mpaka mwisho.

Kwa King na Mellencamp haikuwa hivyo. King aliandika hadithi na mazungumzo. Nyimbo zote, maneno na sauti, ni za Mellencamp. Kwa hiyo mhusika akiongea, anaongea kwa ulimi wa King. Akianza kuimba, anabadilika anakuwa Mellencamp. Mie albamu nimeisikiliza sana. Wapo Elvis Costello, Sheryl Crow, Kris Kristofferson, Rosanne Cash, Taj Mahal. Nyimbo nzuri, za gitaa la kizamani, za kusini ya Marekani. Lakini nyingi ukizichomoa kwenye kisa zinasimama peke yake bila ya kutikisika, na hapo ndipo ninapoona kasoro. Wimbo wa mchezo ukiutoa kwenye mchezo inabidi uache pengo. Huu ukitoka, kisa kinaendelea kama kawaida.

#4 Mpemba_wa_Wete
Watu wa mjini mmeshaanza. Jana mlikuwa mnabishana urojo wa wapi una bajia za moto, leo Broadway. Haya, niko nyuma nasoma.

#5 FidlaYaTatu
Mnatafuta mbali wakati jawabu limezaliwa Mji Mkongwe.

Mchezo wa We Will Rock You. Nyimbo ni za bendi ya roki ya Queen, hadithi kaiandika Ben Elton. Ulifunguliwa Dominion Theatre, London, 14 Mei 2002, ukafungwa 31 Mei 2014. Miaka kumi na mbili kwenye ukumbi mmoja! Na juu ya mlango sanamu kubwa la Freddie Mercury, mwimbaji wao, mtoto aliyezaliwa hapa Unguja 1946. Wakosoaji wa magazeti waliuponda vibaya siku za mwanzo, na watu wakajaa vile vile.

Kwa hiyo suala si nahodha nani. Watu walizijua nyimbo kabla hawajakata tiketi. Mchezo wa King na Mellencamp ulikuwa na nyimbo mpya tupu. Mtu anakaa kwenye kiti saa mbili na zaidi, hana hata wimbo mmoja wa kuitikia.

#6 Shangani_Boy
@FidlaYaTatu huo si mfano wa mada. Ben Elton ni mchekeshaji wa televisheni. Mada inasema mwandishi wa riwaya.

#7 BintiKikwajuni
@Shangani_Boy Elton ni mwandishi wa riwaya pia. Ya kwanza, Stark, ilitoka 1989, na ameandika nyingi baada ya hapo. Mfano unafaa.

Kisichofaa ni kumtia Freddie kwenye ushirikiano huo. Freddie alifariki Novemba 1991, zaidi ya miaka kumi kabla ya ufunguzi. Waliokaa na Elton ni wenziwe wa Queen, Brian May na Roger Taylor. Na nyimbo zilikuwa tayari zipo duniani. Elton alichofanya ni kushona hadithi ya kuzipitisha: dunia ya baadaye ambayo ala za muziki zimepigwa marufuku na watu wote wanasikiliza muziki wa kompyuta. Hapo nahodha anajulikana. Nyimbo ndizo zilizoamuru, hadithi ikafuata. Kwa kweli inampa nguvu MtotoWaMalindi kuliko FidlaYaTatu.

#8 MtotoWaMalindi
Ahsante dada. Hilo ndilo langu.

#9 FidlaYaTatu
Halimpi nguvu mtu. Jiulize: ingekuwa nyimbo zile zile zimeamuru lakini hakuna anayezijua, ukumbi ungejaa miaka kumi na mbili? Kujulikana kwa nyimbo ndiko kulikojaza.

#10 Shangani_Boy
Tukiwa kwa Freddie, nani ana uhakika alizaliwa nyumba gani? Mie nimeoneshwa na wapiga debe wa watalii nyumba tatu tafauti.

#11 Kidumbaki_Asili
Jumba la makumbusho lipo Shangani, lilifunguliwa 2019, kamalize huko. Baba yake alikuwa keshia wa serikali ya Kiingereza, mtoto akapelekwa skuli India akiwa mdogo, na familia ikahamia Uingereza 1964. Muziki wa roki hakuupata hapa. Turudi kwenye uzi tafadhali.

#12 DauLaNungwi
Mnasahau fedha. Mchezo wa Spider-Man, Broadway 2011, nyimbo zimetungwa na Bono na The Edge wa U2. Hakuna wanamuziki wa roki wakubwa kuliko hao. Gharama zilifika dola milioni 75. Walicheza maonesho 182 ya majaribio kabla ya kufungua rasmi, na mwisho wa yote ukafungwa kwa hasara.

Na huyo King mwenyewe, riwaya yake ya Carrie iligeuzwa mchezo wa nyimbo ikapelekwa Broadway 1988. Baada ya ufunguzi ilidumu maonesho matano tu. Mamilioni ya dola yakazama. Unadhani mtu aliyeona jina lake likipita katika hayo atakimbilia Broadway tena? Mie naona walikaa Atlanta na miji ya kati kwa hiari yao. Mchezo wa ziara ulikuwa mwepesi, bendi iko jukwaani, mapambo machache, unapakiwa kwenye gari unakwenda. Hiyo ndiyo biashara anayoijua mpiga roki: ziara.

#13 MtotoWaMalindi
@DauLaNungwi ya Carrie haikuwa kazi ya King. Nyimbo na maandishi walitunga wengine, yeye alitoa riwaya tu.

#14 DauLaNungwi
Ndiyo, na jina likawa lake kwenye mabango. Nimesema jina.

#15 CheloMkongwe
Wanangu, nimesoma mpaka hapa. Mie nimepiga chelo miaka mingi, ngoja nikwambieni kisa ambacho nimo ndani yake.

Zamani kikundi kimoja (sikitaji jina, wenyewe wapo hai na tunazikana) kilimchukua mwalimu mmoja hodari wa kuandika hadithi atutungie mchezo, na sisi tutie muziki. Hadithi ilikuwa nzuri khasa. Mke anatoka kwa mume, anarudi kwao, baba hamtaki. Kila mtu aliyeisoma alilia. Tukaanza mazoezi, ikawa balaa.

La kwanza, wimbo. Wimbo wetu wa kikundi una dakika kumi, kumi na mbili. Kuna utangulizi wa ala, kuna vipande vya fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi) baina ya beti, na kiitikio kinarudi mara kwa mara. Mwalimu yeye anataka yule mwanamke aimbe ubeti mmoja mlangoni, baba afunge mlango, basi. Bwana wa fidla akamwambia, "Ubeti mmoja mie ndio kwanza ninashika upinde." Wiki nzima tulibishana juu ya mlango ule.

La pili, na hili hakuna aliyelifikiria kabla, ni tuzo. Siku ya kuonesha, yule bibi aliposimama mlangoni akaanza kuimba, kina mama wakainuka na noti zao wakapanda kumtuza, kama ada. Mmoja akamtuza huku akimtazama mwenziwe aliyekaa safu ya pili, kumbe wana lao. Yule baba wa kwenye mchezo kasimama na kitasa mkononi anangoja foleni ya watu imalizike ndipo amfukuze binti. Hadithi ilikatika pale pale na haikurudi tena.

Mwalimu alikasirika. Sisi tulifurahi kwa sababu tuzo ilikuwa nyingi. Kila mmoja aliona mwenziwe hakumfahamu. Mie mpaka leo naona tatizo halikuwa sisi wala yeye. Watazamaji walikuja kwenye taarab. Hakuna aliyewaambia wamekuja kwenye mchezo.

#16 BintiKikwajuni
Mzee Chelo, shikamoo. Hili la tuzo limenifungua macho kuliko yote yaliyoandikwa humu.

#17 Mpemba_wa_Wete
Shikamoo mzee. Nauliza tu, aliyetuzwa ndiye mwenye wana lao au aliyekaa safu ya pili?

#18 CheloMkongwe
Marahaba wanangu. Weye Mpemba hayo hayakuhusu.

#19 FidlaYaTatu
Mzee Chelo kanithibitishia. Watazamaji ndio wanaoamua. Mashabiki wa King walikwenda kutafuta hofu, mashabiki wa Mellencamp walikwenda kutafuta gitaa, na kila upande ukapata nusu.

#20 Kidumbaki_Asili
Lakini zamani bara walilitatua. Vikundi vya sanaa kama Muungano tangu miaka ya 80, na TOT miaka ya 90, walikuwa na maigizo, vichekesho, ngoma, sarakasi na taarab usiku mmoja, watu wanajaa.

#21 BintiKikwajuni
@Kidumbaki_Asili usiku mmoja, ndiyo, lakini kila kitu kwa zamu yake. Igizo likiisha ndipo taarab inaanza. Hakuna aliyemtaka mwimbaji aendeleze kisa. Kilichomshinda mwalimu wa Mzee Chelo, na ninachoona kiliwasumbua King na Mellencamp, ni kuvichanganya mpaka kimoja kisiweze kutembea bila ya mwenziwe.

#22 Ukuta_wa_Ngome
Mimi naongeza upande ambao hamjaugusa: huyo mwandishi wa riwaya anapoteza nini.

Riwaya ina msimulizi. King ana uwezo wa kukaa kurasa thelathini ndani ya kichwa cha mtu mmoja anayeogopa ngazi ya nyumba yake. Jukwaani msimulizi hakuna. Yale ya ndani ya kichwa ndiyo yanayotakiwa kuimbwa, maana wimbo ndio mahali mhusika anaposema asichoweza kumwambia mwenziwe. Sasa ukimpa mwengine nyimbo zote, umempa yeye nafsi za watu wako, wewe umebakiwa na "karibu, kaa, mvua inanyesha". Mwandishi wa riwaya yeyote itamuuma. Mie nadhani ndiyo maana ilichukua muda wote ule. Kila wimbo ukija, inabidi King afute maneno ambayo wimbo umeshayasema, au ayaache na watu wasikie jambo moja mara mbili.

King si mgeni wa muziki, hilo tumpe haki yake. Alikuwa akipiga gitaa kwenye bendi ya waandishi, Rock Bottom Remainders, tangu 1992. Lakini kupiga gitaa na kumwachia mtu nafsi ya mhusika wako ni mambo mawili.

#23 MtotoWaMalindi
@Ukuta_wa_Ngome hapo umenigusa. Lakini bado ni suala la nani kiongozi.

#24 Ukuta_wa_Ngome
Hapana. Wewe unasema mmoja aamuru. Mie nasema mwandishi aandike maneno ya nyimbo mwenyewe, na mwanamuziki ashauriane naye kuhusu kisa. Wote wawili waingie mashambani kwa mwenziwe.

#25 Mpemba_wa_Wete
Sasa naingia, maana mmefika kwangu. Mnamtafuta mtu mmoja mwenye riwaya, tamthilia na ushairi? Said Ahmed Mohamed, Mpemba. Riwaya anayo, Utengano ya 1980 wengi mmeisoma skuli. Tamthilia anayo, Amezidi. Diwani anazo. Mtu kama huyo hahitaji kugombana na mtu juu ya ubeti wa mlangoni, anaukata mwenyewe. Nyinyi wa Unguja mnahitaji watu watatu na kikao.

#26 Shangani_Boy
Na muziki nao atatia yeye?

#27 Mpemba_wa_Wete
Muziki tutawaazima nyinyi, mnapenda kelele.

#28 Kidumbaki_Asili
Basi tuseme tunafanya kweli. Kisa gani? King alipewa kisa cha nyumba. Sisi tunacho cha Siti binti Saad, wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni katoka bara, akachukuliwa kwenda ngomani, akauawa. Muuaji, huyo Kijiti, akavuka akakimbilia Dar es Salaam. Walioadhibiwa ni wanawake waliokuwa naye. Siti aliimba mauti yenyewe, akaimba na hukumu vile vile, na watu wa mitaa ya Ng'ambo hapa mjini wakajua kuwa kuna mtu kasema. Huyu ni mwanamke aliyekwenda Bombay 1928 kurikodi santuri. Kisa kipo, wimbo upo, na dhulma ipo. Kwa nini tungoje Indiana?

#29 BintiKikwajuni
Nimesisimka. Lakini tazama ugumu wake: wimbo tayari umeshasimulia kila kitu. Mwandishi atafanya nini? Kwa Mellencamp kisa kilikuwa kitupu, watu watatu na gari, King akawa na nafasi ya kuzua familia nzima. Kijiti hana nafasi hiyo.

#30 Ukuta_wa_Ngome
Anayo. Wimbo hausemi yule mgeni aliwaza nini njiani. Hausemi wale wenziwe walirudi vipi mtaani baada ya adhabu. Huko ndiko kwa mwandishi.

#31 DauLaNungwi
Na mizimu? Mchezo wa King una shetani mzima anazunguka jukwaani, anaitwa The Shape, anawachochea watu. Hapa nani atacheza nafasi ya shetani? 1995 popobawa, yule jini wa usiku, alipoanza Pemba mpaka akafika Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi. Ukimpandisha mtu Ngome Kongwe usiku anajifanya jini, nusu ya ukumbi itaondoka na nusu itamsomea.

#32 Mpemba_wa_Wete
Alianza Pemba nani kakwambia? Fungua uzi wake tukutane huko.

#33 Kidumbaki_Asili
@DauLaNungwi hilo mie naliona ni faida. Kule Atlanta mzimu ni pambo la jukwaani. Hapa mtazamaji anakaa akijua kuwa hili linawezekana. Mchezo wa waliokufa utatuingia sisi zaidi kuliko wao. Ila mzimu wa yule mgeni lazima aimbe kwa kidumbaki, sanduku na vidumbaki tu na fidla moja. Walio hai waachiwe kikundi kizima na kanuni. Mtazamaji atamjua maiti kwa masikio kabla hajamuona.

#34 CheloMkongwe
Hili la kidumbaki kwa maiti ni zuri. Lakini angalieni wakati. Ngome Kongwe ni wazi juu, adhana ya Isha ikiadhiniwa lazima mnyamaze, na misikiti pale haiadhini kwa pamoja, mmoja unaanza mwengine unafuata. Mwandishi aandike kimya hicho ndani ya mchezo tangu mwanzo, wahusika wakae kimya na wao. Akikisahau, kitamkatia palipo pabaya.

#35 MtotoWaMalindi
Mzee Chelo, nakubali yote. Naomba jambo moja tu: siku ya mwanzo ya mazoezi, fidla na mwandishi wakigombana juu ya ubeti wa mlangoni, nani anakata shauri?

#36 FidlaYaTatu
Watazamaji.

#37 Ukuta_wa_Ngome
Aliyeandika maneno ya wimbo.

#38 Kidumbaki_Asili
Mwimbaji. Ndiye anayetuzwa.

#39 BintiKikwajuni
Mie nasema wajaribu njia zote mbili mbele ya watu wachache, ubeti mmoja siku moja, dakika kumi siku ya pili, watazame watu wanakaa vipi vitini. Spider-Man walijaribu mara 182 kwa sababu walianza kujaribu wakiwa wameshamaliza fedha kwenye mitambo. Sisi tujaribu tukiwa na mkeka na fidla moja. Mzee Chelo, yule mwalimu bado anaandika?

#40 CheloMkongwe
Anaandika. Ijumaa baada ya sala namuona, nitamuuliza kama ana moyo wa kurudi tena.

#41 Mpemba_wa_Wete
Mwambie safari hii tuzo zikusanywe mlangoni.